Hodi Isiyonyamaza: Historia ya Makatizo na Chipu ya Usalama

Mwishoni mwa mwaka 2019, baadhi ya watumiaji wa Linux wenye kompyuta mpakato aina ya ThinkPad T490s waliweka toleo jipya la kiini cha mfumo wao, wakazima, wakawasha. Mashine iliyokuwa nzima asubuhi ikaganda katikati ya kuwaka. Diski ilikuwa salama, kirusi hakikuonekana. Kilichobadilika ni mistari michache ya msimbo katika kiendeshi cha chipu ndogo ya usalama iliyobanwa kwenye bodi mama, chipu ambayo wengi hawajui hata kama wanayo. Mistari hiyo iliiruhusu chipu kufanya jambo moja ambalo kwa takriban miaka mitatu ilikuwa imenyimwa pasipo watu kujua: kupiga hodi.

Prosesa ina njia mbili za kujua kwamba kifaa kimemaliza kazi kiliyotumwa. Ya kwanza ni kwenda mlangoni kila baada ya muda na kuchungulia. Umemaliza? Bado. Umemaliza? Bado. Ya pili ni katizo. Mwenye nyumba anaendelea kusonga ugali wake; mgeni akifika, anapiga hodi; mwenye nyumba anaweka mwiko kando, anamkaribisha, anamhudumia, kisha anarudi pale pale alipoachia. Njia hii ya pili ndiyo inayoiwezesha kompyuta kusikiliza kibodi, diski, mtandao na saa kwa wakati mmoja bila kuchoka kuzunguka mlango hadi mlango.

Hodi ina adabu yake. Mgeni akishajibiwa karibu, hunyamaza. Historia ya makatizo, tangu miaka ya 1950 hadi leo, kwa sehemu kubwa ni historia ya wageni walioivunja adabu hiyo, na ya mafundi waliokesha wakitafuta ni nani anayepiga hodi na kwa nini hanyamazi.

Miongoni mwa kompyuta za kwanza kupokea makatizo kutoka kwa vifaa vya nje ilikuwa DYSEAC, iliyojengwa na idara ya taifa ya viwango ya Marekani na kukabidhiwa jeshi mwaka 1954. Ilipakiwa ndani ya trela la lori. Ilikuwa na vihesabu viwili vya kufuatilia mahali programu ilipofika, na ishara kutoka nje iliihamisha kutoka kimoja kwenda kingine. Miaka miwili baadaye UNIVAC 1103A ilipata uwezo kama huo kwa ajili ya kituo cha utafiti wa ndege cha Lewis, mjini Cleveland. Huko kulikuwa na mahandaki ya upepo ya kujaribia ndege, na upepo ukishawashwa haungojei kompyuta imalize hesabu nyingine. Takwimu zilipaswa kupokelewa papo hapo, kazi iliyokuwa ikiendelea ikae kando.

Aliyeona mapema hatari ya jambo hili alikuwa Mholanzi, Edsger Dijkstra. Mwaka 1957 alikuwa kijana anayeandika programu za kompyuta mpya iliyokuwa ikibuniwa Amsterdam, Electrologica X1. Wabunifu wa mashine, Bram Loopstra na Carel Scholten, walimletea wazo la katizo. Baadaye Dijkstra alisimulia kwamba alishikwa na hofu. Mashine alizozizoea zilikuwa na tabia moja ya thamani kubwa: ukizipa kazi ileile mara mia, zitatenda vilevile mara mia. Programu ikikosea leo, itakosea kesho mahali palepale, na fundi ataliona kosa. Katizo lilikuwa linaivunja ahadi hiyo, kwa sababu hodi huweza kupigwa wakati wowote, baina ya amri yoyote na nyingine. Angewezaje kulinasa kosa linalotokea mara moja kwa wiki na kutoweka akiligeukia?

Aliuchelewesha uamuzi kwa miezi 3. Wenzake wakambembeleza, wakamsifia uwezo wake, hatimaye akakubali. Programu aliyoiandika kuhudumia makatizo ya X1 ikawa msingi wa tasnifu yake ya uzamivu, aliyoitetea mwaka 1959. Makatizo yakapata mwalimu. Hofu ya mwalimu, hata hivyo, haikuwa ya bure, na kila fundi wa viendeshi aliyemfuata ameionja.

Kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981 ilikuja na chipu ya kupokea hodi, Intel 8259A, yenye waya 8. Modeli ya AT ya mwaka 1984 iliongeza chipu ya pili, na waya zinazotumika zikawa 15, kwa kuwa mmoja ulitumika kuziunganisha chipu hizo mbili. Saa ilichukua waya nambari 0, kibodi nambari 1, diski laini nambari 6, printa nambari 7. Waya zilikuwa chache, vifaa vikaongezeka. Waliokuwa wakitengeneza kompyuta katika miaka ya 1990 wanakumbuka jinsi kadi ya sauti ilivyogombana na printa, na jinsi walivyohamisha vipini vidogo vya plastiki juu ya kadi, nambari 5, nambari 7, nambari 10, mpaka vyote viwili vikakubali kuishi nyumba moja.

Dawa iliyokuja na njia ya PCI, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990, ilikuwa kuvifanya vifaa vishirikiane waya mmoja. Hapo lugha ya hodi yenyewe ilibadilika. Kwenye kadi za zamani, hodi ilikuwa kishindo kimoja: umeme unapanda, prosesa inasikia, basi. Kwenye PCI, hodi ikawa kama mtu aliyebonyeza kengele na kuacha kidole juu yake. Maadamu waya umeshikiliwa, kengele inalia. Faida yake ni kwamba hodi haipotei hata wageni wawili wakifika pamoja. Gharama yake ni kwamba kiendeshi lazima kimfikie mgeni na kumwondoa kidole. Kisipofanya hivyo, prosesa itamaliza kuhudumia, itarudi kwenye kazi yake, na kabla haijatekeleza hata amri chache itaitwa tena. Na tena. Mafundi huiita hali hiyo dhoruba ya makatizo.

Linux ilijiwekea kinga. Kwenye kila waya, kiini huviuliza viendeshi vyote vilivyojiandikisha: hodi hii ni yako? Wote wakikana, kiini huhesabu. Katika kila makatizo 100,000, yakipita 99,900 yasiyo na mwenyewe, kiini huandika kwenye kumbukumbu zake kwamba hakuna aliyejali, kisha huufunga waya. Kifaa chochote halali kilichokuwa kikiutumia waya huo nacho hubaki nje, kikigonga mlango uliotiwa kufuli.

Chipu ya usalama iliingia katika ulimwengu huu ikiwa na kazi tofauti na ya kadi ya sauti. Mwaka 1999 kampuni za Compaq, HP, IBM, Intel na Microsoft ziliunda umoja wa kutafuta namna ya kuipa kompyuta mahali pa kuaminika pa kutunzia siri. Mwaka 2003 umoja huo ulirithiwa na Trusted Computing Group, ambao ndio unaosimamia kanuni za chipu iitwayo TPM hadi leo. Kazi yake ni kutunza funguo za usimbaji, kuzalisha nambari za bahati nasibu, na kuweka alama ya kila programu iliyopita wakati wa kuwaka, ili mtu akiichezea mashine usiku, asubuhi ijulikane. Toleo la 2.0 la kanuni hizo lilipewa kiwango cha kimataifa mwaka 2015. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, iliifanya chipu hiyo kuwa sharti, na neno TPM likaanza kusikika hata madukani.

Linux ilipata kiendeshi cha kwanza cha TPM katika toleo la 2.6.12, Juni 2005, kutoka kwa wahandisi wa IBM. Mwaka uliofuata kikaja kiendeshi cha chipu zinazofuata kanuni moja ya mawasiliano, bila kujali aliyezitengeneza. Chipu hizo hukaa kwenye anwani moja ya kumbukumbu, na zina ngazi 5 za ruhusa, kuanzia 0 hadi 4. Mfumo wa kawaida hutumia ngazi 0. Kabla ya kuzungumza na chipu, mzungumzaji huomba ngazi yake, huishika, na akimaliza huiachia. Sharti hilo la kushika ngazi ndilo litakalowatoa mafundi jasho baadaye.

Chipu inaweza kupiga hodi kwa sababu nne: majibu yako tayari, hali yangu sasa ni ya kuaminika, ngazi imepatikana, au niko tayari kwa amri nyingine. Kwa kuwa kompyuta nyingi hazikusema chipu imeunganishwa na waya gani, kiendeshi cha mwaka 2006 kilikuwa kikibahatisha. Kilianza na waya nambari 3, kikaiagiza chipu ipige hodi, kikasikiliza. Kimya? Nambari 4. Kimya? Nambari 5. Hivyo hadi nambari 15. Ikiwa hodi haikusikika popote, kiendeshi kilirudi kwenye kuchungulia na maisha yakaendelea.

Maisha kuendelea ndiko kulikoficha ugonjwa. Kibodi isipopiga hodi, mwenye kompyuta atajua mara moja kwa sababu herufi hazitokei. Chipu ya usalama isipopiga hodi, kiendeshi kitachungulia kila baada ya milisekunde 5, kitapata majibu yaleyale, na hakuna atakayelalamika isipokuwa mwenye kazi nyingi sana. Wenye kazi hiyo walikuwepo. Seva zinazoandika alama ya kila faili kwenye chipu ziliona uzito wake, na kati ya 2017 na 2018 wahandisi wa IBM walipunguza muda wa kusubiri kati ya uchunguliaji mmoja na mwingine. Katika jaribio lao moja, kuandika alama 1,000 kulishuka kutoka takriban sekunde 14 hadi chini ya 11. Waliuponya mwendo wa kuchungulia. Hodi yenyewe ilikuwa imekufa, na haikuwa imezikwa.

Ilikufa mwaka 2016. Katika kazi nzuri ya kusafisha msimbo, taarifa ya kama chipu inatumia makatizo ilihamishwa kutoka nambari ya waya kwenda kwenye bendera maalumu: ikiinuliwa, kiendeshi kitasubiri hodi, ikishushwa, kitachungulia. Kila mahali palipohitaji kuisoma bendera pakaandikwa vizuri. Mahali pa kuiinua pakawa hapafikiki, kwa sababu bendera ingeinuliwa baada ya jaribio la makatizo kufaulu, na jaribio lenyewe lilihitaji bendera iwe juu. Tangu hapo kompyuta za Linux zenye chipu hizo zilikuwa zikichungulia tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu aliyaficha miaka mitatu.

Kiraka kilichokuja mwaka 2019 kilikuwa sahihi. Kiliinua bendera kabla ya jaribio, na kikahakikisha chipu iko macho wakati wa kujaribiwa. Kwenye mashine za aliyekiandika kilifanya kazi. Kwenye ThinkPad T490s kiliamsha dhoruba, na toleo likatoka nalo. Kabla mwaka 2020 haujapata mwezi mmoja, viraka hivyo vilikuwa vimeondolewa na kiendeshi kimerudi kuchungulia, kwa kuwa mafundi waliokuwa na mashine yenye ugonjwa ya kufanyia majaribio walikuwa wachache mno na dawa haikujulikana itapatikana lini.

Mtu anayeitafuta dhoruba kama hii huanzia kwenye faili moja, /proc/interrupts. Ni jedwali. Kila mstari ni waya, na kila safu ni prosesa moja na idadi ya hodi ilizopokea. Fundi hulifungua, husubiri sekunde moja, hulifungua tena. Mstari wa kibodi umeongezeka kidogo, kwa herufi alizobonyeza. Mstari wa saa umeongezeka kwa mamia. Kisha jicho linagota kwenye mstari wa chipu ya usalama, ambayo tangu mashine iwake imeombwa mambo machache tu, na nambari yake imeruka kwa makumi ya maelfu. Hapo anayegonga amejulikana. Bado kujua kwa nini.

Kwa T490s jibu lilipatikana mwaka 2020: programu dhibiti ya kompyuta ilikuwa imeupanga vibaya mguu wa chipu ya bodi mama unaopokea hodi hiyo. Kidole kilikuwa kwenye kengele hata pale mgeni alipokuwa hayupo. Linux haiwezi kuitengeneza programu dhibiti ya mtu, kwa hiyo likaandikwa jina la modeli hiyo ndani ya kiendeshi, na maelekezo: ukijikuta humu, usitumie makatizo. Aliyepata programu dhibiti iliyorekebishwa aliweza kuyarudisha kwa kuandika tpm_tis.interrupts=1 wakati wa kuwasha.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumlaumu mwenye bodi. Mhandisi mmoja aliyekuwa akitumia chipu za TPM kwenye kompyuta ndogo za viwandani hakuishia hapo. Kuanzia 2021 alituma mfululizo wa viraka, akakosolewa, akarekebisha, akatuma tena, mara zaidi ya 10, hadi vikapokelewa mwaka 2023. Kazi ya miaka hiyo ilionyesha kwamba nyumba yenyewe ilikuwa na nyufa.

Ufa mkubwa ulikuwa kwenye ngazi ya ruhusa. Ili kumwondoa mgeni kidole kwenye kengele, kiendeshi husoma rejista ya hali ya makatizo, kisha huandika humo biti zilezile kilizozisoma. Chipu ikiziona hunyamaza. Lakini chipu huyasikiliza maandishi hayo iwapo tu aliyeandika ameishika ngazi yake. Hodi ilipofika wakati ngazi imekwisha kuachiwa, kiendeshi kiliandika, chipu ikapuuza bila kutoa kosa lolote, na kengele ikaendelea kulia. Kosa hili lilitegemea hodi imefika sekunde gani. Ndilo kosa alilolihofia Dijkstra huko Amsterdam, miaka zaidi ya 60 nyuma, linalotokea Jumatatu na kukataa kutokea Jumanne mbele ya mashahidi.

Ufa wa pili ulitokana na chipu kuhama makazi. TPM nyingi mpya huunganishwa kwa njia za SPI au I2C, ambazo ni nyembamba, na mazungumzo yake humlazimu anayezungumza kusubiri. Mhudumu wa katizo wa kawaida katika Linux haruhusiwi kusubiri hata kidogo, kwa sababu ameisimamisha prosesa nzima. Suluhisho lilikuwa kumpa kazi hiyo mhudumu wa pili anayeweza kulala na kuamka, utaratibu uliokuwemo katika kiini tangu mwaka 2009 lakini ambao kiendeshi hiki hakikuwa kimeutumia.

Ufa wa tatu ulikuwa wa kutoelewana. Mwandishi wa awali alidhani chipu hupiga hodi hata ngazi inapoachiwa. Chipu hupiga hodi ngazi inapopatikana tu. Kiendeshi kilikuwa kinaweza kusubiri hodi ambayo kanuni haikuwahi kuiahidi.

Toleo la 6.4 la Linux lilitoka Juni 2023 likiwa na matengenezo haya, na hodi ikasikika tena. Zikasikika na dhoruba. Roboti za majaribio zilikuwa tayari zimeikuta moja kwenye seva ya Inspur NF5180M6. Watumiaji wakaleta nyingine kutoka ThinkPad L490, ThinkStation P360 Tiny na kompyuta mpakato za Framework. Orodha ya majina ndani ya kiendeshi ikarefuka. Kikaongezwa kihesabu kipya: makatizo yasiyo na mwenyewe yakizidi 1,000 mfululizo ndani ya muda mfupi, kiendeshi hujiondoa chenyewe kwenye waya na kurudi kuchungulia. Ni kinga kali kuliko ile ya kiini, maana haingoji makatizo laki moja.

Kuna waliosema kurudi kuchungulia ni kushindwa. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walionyesha kwamba kompyuta inayopokea pakiti nyingi za mtandao kwa makatizo huweza kufikia hali ya kupokea hodi tu bila kumhudumia mgeni hata mmoja. Dawa yao ilikuwa kuyazima makatizo mzigo unapozidi na kuchungulia mpaka utulie, na viendeshi vya mtandao vya Linux vikaja kufuata njia hiyo. Kwa chipu ya usalama, inayoitwa mara chache na kujibu polepole, kuchungulia kunagharimu kidogo. Dhoruba inagharimu mashine nzima.

Watunza kiendeshi walipima hivyo pia. Agosti 2023, kabla ya toleo la 6.5, walibadili chaguo la msingi: makatizo ya TPM yamezimwa, isipokuwa mwenye mashine ameyaomba. Viraka vya kushika ngazi, mhudumu wa pili na kihesabu cha dhoruba vilibaki ndani, kwa hiyo anayeyaomba leo anapata kiendeshi kizima kuliko cha mwaka 2006. Mwenye ThinkPad, seva au kompyuta ya kiwandani anayetaka kujaribu hahitaji kubuni chochote. Aandike tpm_tis.interrupts=1 kwenye mstari wa kuwashia, awashe, kisha aifungue /proc/interrupts mara mbili na kuilinganisha nambari ya chipu yake.